Chuo Kikuu cha Notre Dame na Padre Ted Hesburgh: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nikitaja kwamba nilisoma Notre Dame, huwa naulizwa maswali yale yale. Yanatoka kwa ndugu nyumbani, kwa vijana wanaotaka kuomba nafasi, na kwa masista na mapadre waliowahi kusikia habari za Padre Theodore Hesburgh, aliyekiongoza chuo hicho kwa miaka 35, ambaye sisi tulimwita Padre Ted tu. Nimeyakusanya hapa ili anayeuliza apate jibu mahali pamoja. Mengi yanamhusu yeye, kwa sababu huwezi kukieleza chuo kile bila kumtaja.

## Mahali penyewe

Notre Dame ni lile kanisa la Paris?

Hapana. Hiki ni chuo kikuu cha Kikatoliki huko Marekani, kaskazini mwa jimbo la Indiana, kando ya mji wa South Bend, kilomita zipatazo 145 kutoka Chicago. Kina jina la Kifaransa kwa sababu waanzilishi wake walikuwa Wafaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, na hadi leo mkuu wa chuo hutoka miongoni mwa mapadre wa shirika hilo.

Kilianzaje?

Padre Edward Sorin alifika pale na mabradha wenzake tarehe 26 Novemba 1842, akiwa na umri wa miaka 28. Alikuta msitu, theluji, maziwa mawili madogo na kibanda cha magogo kilichotumika kama kanisa. Alianza na wanafunzi wachache na fedha kidogo.

Kisa kinachopendwa zaidi ni cha tarehe 23 Aprili 1879. Moto uliteketeza jengo kuu, ambalo ndilo lililokuwa na madarasa, mabweni na maktaba. Sorin alikuwa na umri wa miaka 65 wakati huo, mzee aliyeona kazi ya maisha yake ikigeuka majivu. Aliwakusanya watu kanisani akawaambia kwamba watajenga upya, na safari hii watajenga kubwa zaidi. Vibarua wakafanya kazi kiangazi chote, na muhula wa Septemba ukafunguliwa katika jengo jipya. Jengo hilo bado lipo, na ndilo lenye kuba la dhahabu.

Hilo kuba ni dhahabu kweli?

Ndiyo, limepakwa karatasi nyembamba za dhahabu halisi, na baada ya miaka kadhaa hupakwa tena. Juu yake imesimama sanamu ya Bikira Maria yenye urefu wa karibu mita sita. Jua la asubuhi likilipiga, unaliona ukiwa bado mbali barabarani.

Kuna desturi moja inayohusu jengo hilo: mwanachuo hapandi ngazi zake za mbele mpaka amalize masomo. Siku ya mahafali utaona foleni ya vijana wenye majoho wakingoja kupiga picha juu ya ngazi hizo, wazazi wao wakiwa chini na simu mkononi.

Groto ni nini, na kwa nini wanachuo huenda usiku?

Ni pango la mawe nyuma ya Basilika ya Moyo Mtakatifu, lililojengwa mwaka 1896 kwa kuiga groto la Lourdes, ila dogo kuliko lile. Bikira Maria yuko juu katika shimo la mwamba, chini kuna vyuma vya kupanga mishumaa, na mbele kuna mahali pa kupiga magoti.

Watu huenda usiku kwa sababu usiku ndipo mwanachuo anapobaki na hofu zake. Wiki ya mitihani mishumaa hujaa mpaka mtu anakosa pa kuweka wake. Nakumbuka mawe ya pango yalivyokuwa meusi kwa moshi wa miaka mingi, na jinsi ukisogea karibu, uso unapata joto la mishumaa huku mgongo ukigandishwa na upepo wa Januari. Sisi tuliotoka nchi za joto tulijua kulithamini joto lile. Ukiwa mbali na kwenu, na simu imeleta habari ya msiba, pale ndipo pa kwenda. Utakuta wengine wamesimama kimya, na hakuna atakayekuuliza kitu.

Maisha ya mabweni yakoje?

Hapa ndipo chuo kile kinapotofautiana na vingine vingi vya Marekani. Hakuna vile vyama vya siri vya wanafunzi vinavyomiliki nyumba zao. Wanafunzi wa shahada ya kwanza hupangiwa bweni wanapofika, na wengi hukaa humo humo miaka kadhaa. Kila bweni ni la wanaume au la wanawake, lina kanisa lake dogo, jina lake, nyimbo zake na utani wake dhidi ya mabweni jirani. Walezi huishi humo humo na wanafunzi, na mara nyingi mlezi ni padre, bradha au sista.

Misa ya Jumapili usiku bwenini ndiyo wahitimu wengi huitamani baadaye. Watu huja na kandambili, nywele bado mbichi kwa maji ya kuoga, wanakaa sakafuni, na baada ya Misa kuna biskuti au piza. Kwa mtu aliyezoea kanisa la parokia la Afrika, lenye kwaya na vazi la Jumapili, mwanzoni inashangaza. Baadaye unaelewa kwamba pale ni jumuiya ndogondogo, kama zile za nyumbani, ila wanajumuiya wote wana miaka 20.

Ni lazima uwe Mkatoliki?

Si lazima. Wanafunzi wengi ni Wakatoliki, lakini wapo Waislamu, Waprotestanti, Wayahudi, Wahindu na wasio na dini. Kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza husoma teolojia na falsafa, awe wa dini gani.

Yule Yesu mkubwa ukutani ni wa nini?

Ni mozaiki ya mawe kwenye ukuta wa kusini wa maktaba, urefu wake kama mita 41 na upana kama mita 21. Inamwonyesha Kristo Mwalimu akiwa amezungukwa na watakatifu na wanazuoni wa zama mbalimbali. Msanii aliyeisanifu ni Millard Sheets. Kwa kuwa uwanja wa mpira wa Kimarekani uko mbele yake na mikono ya Kristo imeinuliwa kama ya mwamuzi anayeonyesha kwamba bao limeingia, mashabiki waliibandika jina la utani ambalo sasa linajulikana kuliko jina lake halisi.

Maktaba yenyewe ilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka 1987 ikapewa jina la Hesburgh. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba jengo refu kuliko yote katika eneo la masomo liwe la vitabu.

## Padre Ted mwenyewe

Alikuwa nani hasa?

Theodore Martin Hesburgh alizaliwa Syracuse, New York, tarehe 25 Mei 1917. Aliingia Notre Dame mwaka 1934, akapelekwa Roma kusoma, na vita ilipopamba moto mwaka 1940 yeye na wenzake wakarudishwa Marekani. Alipadirishwa tarehe 24 Juni 1943 palepale chuoni, katika Kanisa la Moyo Mtakatifu. Miaka miwili baadaye alipata udaktari wa teolojia huko Washington.

Alitamani kuwa padre wa jeshi la majini, lakini wakubwa wake wakamrudisha Notre Dame kufundisha. Akapewa kazi ya kuwahudumia askari waliorudi vitani na kujiunga na chuo wakiwa na wake na watoto. Familia hizo ziliishi katika nyumba za mbao zilizotokana na kambi ya wafungwa wa vita. Alibatiza watoto wao, akapatanisha wanandoa, akasikiliza shida za kodi na maziwa ya watoto. Kwa maoni yangu uongozi wake wote ulitoka katika kijiji kile. Kabla ya kupewa ofisi kubwa alikuwa ameshajua maisha ya mwanachuo yanagharimu nini.

Aliongoza chuo miaka mingapi?

Miaka 35, kuanzia 1952 hadi 1987. Alipoanza alikuwa na umri wa miaka 35 pia.

Aliwahi kuwa askofu au kardinali?

Hapana. Alibaki padre wa kawaida maisha yake yote, akiishi katika chumba kidogo cha nyumba ya mapadre chuoni. Aliadhimisha Misa kila siku, hata safarini, na safari zake zilikuwa nyingi mno. Ukimuuliza anataka kukumbukwa kama nani, alijibu kwa neno moja tu, padre, na alilisema bila kujishusha wala kujikweza.

Alikibadilisha chuo kwa kiasi gani?

Kwa hesabu: alipoanza wanafunzi walikuwa 4,979, alipostaafu walikuwa karibu 9,600. Bajeti ya mwaka ilipanda kutoka dola milioni 9.7 hadi milioni 176.6. Mfuko wa akiba wa chuo ulikuwa dola milioni 9, akauacha ukiwa milioni 350.

Hesabu hizo hazionyeshi maamuzi mawili ambayo ndiyo yaliyokigeuza chuo. La kwanza ni la 1967, alipoondoa umiliki wa chuo mikononi mwa shirika lake na kuukabidhi kwa baraza la wadhamini ambamo walei ndio wengi. Fikiria kiongozi anayetoa madaraka yake mwenyewe na ya ndugu zake wa shirika, akiwa bado ana nguvu, bila kulazimishwa na mtu. La pili ni kuwapokea wanawake, ambalo nimelieleza katika swali linalofuata.

Wanawake walianza lini kusoma pale?

Katika shahada ya kwanza, mwaka 1972. Kwanza kulikuwa na mpango wa kuunganisha Notre Dame na Chuo cha Mtakatifu Maria, cha wanawake, kilicho ng'ambo ya barabara. Mpango huo ulivunjika, na Notre Dame ikaamua kufungua milango yenyewe. Wanaume waliokuwa wakiishi katika mabweni ya Badin na Walsh wakahamishwa, na wahitimu wa zamani wakalalamika sana kwamba chuo chao kimekwisha. Padre Ted hakuyumba, na alipokuwa mzee aliuweka uamuzi huo miongoni mwa yale yaliyomfurahisha zaidi.

Ni kweli wanafunzi walipanda ngazi za dharura kumfuata ofisini?

Ndiyo, na wahitimu wa miaka ile hawachoki kukisimulia kisa hiki. Padre Ted alikuwa mtu wa usiku. Taa ya ofisi yake, ghorofa ya tatu ya jengo kuu, iliwaka hadi saa nane au saa tisa za usiku. Mwanafunzi mwenye jambo zito aliiona taa ile, akapanda ngazi za chuma za nje zilizowekwa kwa ajili ya moto, akagonga dirishani, na akafunguliwa. Wengine walikwenda kwa sababu wazazi wametengana, wengine kwa sababu imani imeyumba, na wengine, nasikia, walikwenda kwa sababu tu wenzao bwenini waliwatania kwamba hawataweza.

Mimi nakipenda kisa hiki kuliko tuzo zake zote. Nimeona vyuo ambako kumwona hata katibu wa mkuu wa chuo ni safari ya wiki tatu na barua mbili.

Alikuwaje baada ya kustaafu?

Alipewa ofisi ghorofa ya 13 ya maktaba, dirisha lake likitazama kuba la dhahabu. Macho yake yakapungua nguvu mpaka akashindwa kusoma, na wanafunzi wakawa wanakwenda kumsomea magazeti na vitabu. Kwenye korido tayari ungesikia harufu ya sigara nene alizozipenda, katika jengo ambamo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuvuta. Kuta zilijaa picha za marais na mapapa. Lakini ukikaa, swali lake la kwanza lilikuwa kwenu ni wapi, na alisubiri jibu kwelikweli. Ukitaja nchi ya Afrika alikuwa na cha kuuliza juu yake. Kabla hujatoka alikupa baraka, na hata wasio Wakatoliki waliinamisha vichwa.

Alikuwa mtu wa mpira?

Alijua kwamba mpira wa Kimarekani ndio uliokitangaza chuo, lakini hakukubali mpira ukiburute chuo. Mchezaji alitakiwa afaulu darasani na ahitimu, basi. Mwaka 1969 chuo kilimaliza zaidi ya miaka 40 ya kukataa michezo ya mwisho wa msimu, na fedha zilizopatikana zikaelekezwa kwenye ufadhili wa wanafunzi wa makundi madogo, wakiwemo Wamarekani Weusi.

## Nje ya lango la chuo

Ile picha akiwa ameshikana mikono na Martin Luther King ilipigwa wapi?

Ilipigwa Chicago, uwanja wa Soldier Field, tarehe 21 Juni 1964, kwenye mkutano wa haki za kiraia. Sheria ya Haki za Kiraia ilikuwa ikisubiri kukamilishwa Washington. Mwishoni watu walishikana mikono kuimba, na Padre Ted akawa kando ya King. Picha hiyo iko katika Makumbusho ya Kitaifa ya Picha za Watu Mashuhuri huko Washington, na katikati ya mji wa South Bend kuna sanamu yao wawili walivyosimama siku ile.

Padre alihusikaje na haki za kiraia?

Rais Eisenhower alimteua mwaka 1957 katika Tume ya Haki za Kiraia, ilipoundwa kwa mara ya kwanza. Wajumbe walikuwa sita, nusu kutoka kusini na nusu kutoka kaskazini, na wengi walitarajia wasikubaliane juu ya lolote.

Kilichotokea kiangazi cha 1959 kinamweleza Padre Ted kuliko hotuba yoyote. Tume ilikwenda Louisiana, ikalazimika kulala katika kambi ya jeshi la anga kwa sababu hoteli hazikuwapokea Weusi na Wazungu pamoja. Joto lilikuwa kali, ndege za kijeshi zilinguruma usiku kucha, na kila mtu alikuwa amechoka na mwenzake. Padre Ted akawapandisha ndege mpaka Land O'Lakes, Wisconsin, ambako chuo kina nyumba msituni kando ya maziwa. Wakala nyama ya kuchoma, wakaenda kuvua samaki jua linapozama, na waliporudi wakakaa kuandika. Karibu mapendekezo yote yakapita, mengi kwa kauli moja. Eisenhower alipouliza imewezekanaje, alijibiwa kwamba wajumbe wote wanapenda kuvua samaki.

Sehemu kubwa ya mapendekezo hayo iliingia katika sheria za miaka iliyofuata.

Ni kweli Nixon alimwondoa?

Kweli. Padre Ted alikuwa mwenyekiti wa tume kuanzia 1969, na aliikosoa serikali ya Nixon hadharani kwa ulegevu wake. Baada ya uchaguzi wa 1972 alitakiwa aondoke. Alirudi chuoni akaendelea na kazi.

Alishughulikiaje migomo ya wanafunzi wakati wa vita ya Vietnam?

Februari 1969 aliandika barua iliyosomwa nchi nzima: anayetumia nguvu badala ya hoja atapewa dakika 15 za kutafakari, na asipoacha atasimamishwa. Baadaye mwaka huo wanafunzi kumi walisimamishwa kweli. Wanasiasa waliotaka wagomaji wabanwe walimshangilia.

Lakini serikali ilipotaka kutunga sheria kali dhidi ya wanafunzi, alipinga, akisema vyuo vijisimamie vyenyewe. Na Mei 1970, vita ilipopelekwa Cambodia, alisimama mbele ya wanafunzi na kuilaani. Wao wakachukua tamko lake wakapita nyumba kwa nyumba South Bend kukusanya saini. Waliomshangilia mwaka uliotangulia hawakufurahi.

Ana uhusiano wowote na Afrika?

Upo, na ni wa kweli. Alikuwa rais wa Shirikisho la Kimataifa la Vyuo Vikuu vya Kikatoliki kuanzia 1963 hadi 1970, na mwaka 1968 mkutano mkuu wa shirikisho ulifanyika Kinshasa, katika Chuo Kikuu cha Lovanium. Pale vyuo vilijadili chuo kikuu cha Kikatoliki kiwe nini katika dunia ya leo. Mjadala huo, uliodumu kwa miaka, ulifikia katiba ya kitume ya Papa Yohane Paulo II ya mwaka 1990, ambayo leo inavihusu vyuo vyetu pia, SAUT ya Mwanza, CUEA ya Nairobi na Uganda Martyrs ya Nkozi vikiwemo.

Afrika Mashariki ilifikiwa zaidi na ndugu zake wa shirika. Mapadre wa Msalaba Mtakatifu walifika Fort Portal, Uganda, mwaka 1958. Mmoja wao, Vincent McCauley, mhitimu wa Notre Dame, akawa askofu wa kwanza wa Fort Portal mwaka 1961 na mtumishi mkubwa wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki. Shirika lina kazi Jinja, lina parokia Dandora jijini Nairobi, na limefika Tanzania pia.

Hadithi ya ndege ya kivita ni ya kweli?

Kabisa. Mwaka 1979, kwa ruhusa ya Rais Carter, alirushwa kwa SR-71, ndege ya upelelezi iliyokwenda zaidi ya kilomita 3,500 kwa saa. Alikuwa na umri wa miaka 61, na alikuwa ametamani anga tangu utotoni.

## Maswali magumu

Wapo wanaosema aliupunguza Ukatoliki wa chuo. Je, ni kweli?

Lawama hii huanzia Julai 1967. Aliwaita viongozi wa vyuo vya Kikatoliki Land O'Lakes, kwenye nyumba ile ile ya uvuvi (tazama swali la haki za kiraia), nao wakatoa tamko kwamba chuo kikuu cha Kikatoliki lazima kiwe huru kitaaluma, hata mbele ya mamlaka ya Kanisa. Wakosoaji wanasema hapo ndipo vyuo vingi vilipoanza kupoteza sura yao ya kidini.

Siwapuuzi. Vipo vyuo Marekani ambako msalaba umebaki kwenye nembo tu. Ila kwa Notre Dame, mtu aliyeona foleni za Misa bwenini, mishumaa ya groto na idadi ya makanisa madogo ndani ya eneo moja, atapata taabu kusema imani imeondoka. Padre Ted aliamini kwamba chuo ni mahali ambapo Kanisa linafikiri, na mtu hawezi kufikiri akiwa amefungwa mdomo. Mimi namuunga mkono.

Vipi kuhusu Afrika Kusini ya makaburu?

Swali hili huulizwa zaidi na Waafrika, na wana haki. Miaka ya 1980 wanafunzi na walimu walidai chuo kiuze hisa zote za kampuni zilizofanya biashara Afrika Kusini. Padre Ted aliuchukia ubaguzi wa rangi na kuusema hadharani, lakini aliona kampuni zilizofuata Kanuni za Sullivan, za kutowabagua wafanyakazi, zingeleta mabadiliko zikiwa ndani ya nchi. Chuo hakikuuza zote.

Kwa maoni yangu wanafunzi ndio waliokuwa sahihi. Kuondoka kwa mitaji kuliwabana makaburu kuliko kanuni za hiari. Kumpenda mtu hakunizuii kulisema hilo, na yeye mwenyewe ndiye aliyejenga chuo ambacho mwanafunzi angeweza kumpinga hivyo bila kufukuzwa.

Padre mwenye tuzo nyingi hivyo, hakuwa na makuu?

Tuzo zilikuwa nyingi kweli: nishani ya Uhuru ya Rais mwaka 1964, nishani ya dhahabu ya Bunge la Marekani, na shahada za heshima 150. Alijua kwamba anasikilizwa na wakubwa, na alifurahia kuwa karibu nao. Hata hivyo alikuwa na nadhiri ya ufukara, na fedha alizolipwa kwa hotuba na bodi hazikuwa zake. Chumba chake kilibaki kile kile nilichokitaja juu.

## Kifo, mazishi na kumbukumbu

Alifariki lini?

Usiku wa Alhamisi, tarehe 26 Februari 2015, katika nyumba ya wazee na wagonjwa ya shirika lake, ndani ya eneo la chuo. Alikuwa na umri wa miaka 97.

Mazishi yalikuwaje?

Mwili uliwekwa katika basilika tarehe 3 Machi, na foleni ya kuuaga ilienda mchana na usiku. Kesho yake, baada ya Misa, jeneza lilipelekwa makaburini, na wanachuo wakajipanga pande zote mbili za barabara kwenye baridi kali na theluji. Wengi wao walizaliwa baada ya yeye kustaafu. Jioni kulikuwa na kumbukizi katika ukumbi wa michezo, na Rais Jimmy Carter alikuwa miongoni mwa waliosema.

Kaburi lake liko wapi?

Katika makaburi ya Shirika la Msalaba Mtakatifu, umbali mfupi kwa miguu kutoka kwenye groto. Usitafute mnara. Makaburi yote yana misalaba ya mawe inayofanana, imepangwa mistari, na wake ni mmoja wapo. Lazima usome majina. Maprofesa, wapishi na wafagizi wa shirika hilo wamelala mstari mmoja na wakuu wa chuo.

Nani wamemfuata katika uongozi?

Padre Edward Malloy kuanzia 1987, Padre John Jenkins kuanzia 2005, na tangu Julai 2024 Padre Robert Dowd, ambaye aliwahi kuishi Kenya na Uganda na ni mtaalamu wa siasa za Afrika.

Nikipata siku moja tu ya kutembelea, nianzie wapi?

Anzia jengo kuu asubuhi, uingie uangalie kuba kwa ndani. Basilika iko jirani, na groto liko chini yake. Kisha zunguka maziwa. Njia ni tambarare na kindi ni wengi, wanene, hawaogopi mtu. Makaburi utayapitia njiani. Malizia maktaba, ambako nje kuna sanamu ya Padre Ted na Padre Edmund Joyce, msaidizi wake kwa miaka yote 35, wakitembea pamoja.

Epuka wikiendi ya mechi ya nyumbani kama hukuja kwa mechi, maana vyumba vya hoteli hupanda bei na vingine hujaa miezi kabla. Kuanzia Novemba hadi Machi chukua koti zito, kofia na glavu, kwa sababu Ziwa Michigan huleta theluji nyingi upande ule. Na ukifika Jumapili usiku, muulize mwanachuo yeyote akuelekeze Misa ya bweni. Watakukaribisha.